Wengi Ni Akina Nani?

Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile iliyopewa jina la Mfalme James, kuna amri fupi kwenye habari ya karamu ya mwisho ambayo msomaji wa leo anaweza kuisikia kwa namna mbili. Yesu anawapa wanafunzi kikombe, anawaambia wanywe, na ndani ya amri hiyo limo neno "all". Wanywe wote, au wakimalize chote? Neno lenyewe limekaa baada ya wanaoambiwa na kabla ya kinachonywewa, na hakuna herufi ndani yake inayosema ni la upande gani. Kigiriki cha Mathayo hakina utata huo, kwa sababu neno lake liko katika wingi na katika umbo la mtenda: wanaohusika ni wanafunzi, si divai. Mswahili naye hapati taabu. Akisikia "nyote", swali limekwisha kabla halijaulizwa. Kingekusudiwa kikombe angesikia "chote". Ingekusudiwa divai, "yote". Herufi mbili za mwanzo zimefanya kazi ambayo Kiingereza kimemwachia msomaji aifanye kichwani.

Ni jambo dogo, mtu atasema, la kuwaachia walimu wa sarufi na chaki zao. Vitabu vya sarufi ya Kiingereza vinafundisha kwamba maneno ya idadi na kiasi, kama "all", "many", "few", "some", "each" na "much", yanaweza kuandamana na nomino au kuiacha nyumbani na kusimama mahali pake, na yakisimama hivyo vingi vya vitabu hivyo huyaita viwakilishi. (Si yote yenye ruhusa hiyo. "Each" husimama peke yake, "every" haithubutu, kama vile "kila" ya kwetu isivyoweza kwenda popote bila wa kuishika mkono.) Nasi tunavyo viwakilishi vya idadi: wengi wamefika, wachache wamebaki. Tofauti ni kwamba shina letu halitamkiki likiwa tupu. Hakuna anayesema -ingi wala -ote. Lazima shina liazime kitu kwenye ngeli ndipo liwe neno, na kwa kuazima huko linakiri kwamba lina mwenyewe. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba neno la idadi lililoachwa peke yake, katika lugha yoyote, halitaji kitu wala kundi la watu. Ni nusu ya kauli, na nusu ya pili ni deni: wengi katika akina nani, na wamefanyaje? Mabishano kadhaa makubwa ya dini yamechukua nusu hiyo kana kwamba ni kauli nzima, na mengine yameifanya kuwa jina.

Kulifanya neno la idadi kuwa jina ndilo kosa jepesi kuliona. Lewis Carroll, ambaye kazi yake rasmi ilikuwa kufundisha hisabati huko Oxford, alilichezea katika kitabu chake cha pili cha Alice, kilichotoka mwishoni mwa 1871. Alice anatazama barabarani na kusema, kwa neno "nobody", kwamba haoni mtu. Mfalme Mweupe anamwonea gere kwa macho makali namna hiyo, kumwona huyo Nobody, tena kwa umbali ule. Karne nyingi kabla yake, katika utenzi wa Homer, Odysseus aliliambia jitu lenye jicho moja kwamba jina lake ni neno la Kigiriki lenye maana hiyohiyo, na jitu lilipotobolewa jicho likapiga yowe, majirani walisikia kwamba hakuna anayelidhuru, wakarudi kulala. Mtafsiri wa Kiswahili akifika hapo jasho linamtoka. Sisi hatuna neno hilo. Tunasema "sioni mtu", na ukanushi umekaa ndani ya kitenzi, huku mtu akibaki mtu wa kawaida ambaye haonekani. Majirani wakiuliza ni nani anayekuumiza, jibu letu ni "hakuna", ambalo si jina la mtu hata ukilitamka kwa herufi kubwa. Mtafsiri atalazimika kufua jina bandia, tuseme Simtu, na msomaji ataucheka mchezo kwa heshima tu.

Kisichotafsirika hapo ni kosa, wala hatujapoteza hekima yoyote. Mwaka 1884 Mjerumani Gottlob Frege alitoa kitabu kuhusu misingi ya hesabu, na ndani yake akadai kwamba kauli ya idadi haivisemi vitu, inalisema wazo ambalo vitu huingia chini yake. Mfano wake ulikuwa wa sayari ya Zuhura: ukisema ina miezi sifuri, hakuna miezi ya kuisemea lolote, ila unalisemea wazo la mwezi wa Zuhura kwamba hakuna kinachoingia ndani yake. Mswahili anayesema "Zuhura haina mwezi" ameshafika hapo bila kusoma Kijerumani. Kinyume chake ni Fredegisus, mwanafunzi wa Alcuin, ambaye kwenye mwaka 800 hivi aliandika barua kuhusu hakuna na giza kwa watu wa baraza la mfalme Charlemagne. Hoja yake ilikuwa hii: kila jina lenye maana lina kitu linachokitaja, neno la Kilatini "nihil" ni jina lenye maana, basi lina kinachotajwa, na kinachotajwa kipo, tena ni kitu kikubwa, kwa kuwa ndicho Mungu alichoumbia dunia. Ni mantiki safi iliyojengwa juu ya mchanga. Imani yenyewe, kwamba Mungu aliumba pasipo kitu, haimhitaji huyo mgeni, na Kiswahili cha "pasipo kitu" hakimfungulii mlango. Ila tusijisifu kupita kiasi. Anayefasiri fundisho hilo kwa kusema Mungu aliumba "kutoka utupu" amemwingiza Fredegisus kwa mlango wa uani, kwa maana utupu ni nomino, na mtu akiusikia huanza kuuwazia ukubwa na rangi.

Kwenye "none" na "nobody", basi, Kiswahili kimeshinda bila kutoa jasho. Kwenye "many" hakishindi, na hapo ndipo penye uzito wa mambo. Katika misa ya Kanisa Katoliki, sala ya Kilatini juu ya kikombe husema kwamba damu itamwagika "pro multis", kwa ajili ya wengi, ikifuata Mathayo na Marko. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, tafsiri ya Kiingereza iliyotumika tangu miaka ya 1970 ilisema kwa ajili ya wote. Tarehe 17 Oktoba 2006 Kardinali Francis Arinze, Mnigeria aliyekuwa akiongoza idara ya Vatikano inayoshughulikia ibada, aliwaandikia wakuu wa mabaraza ya maaskofu kwamba tafsiri zirudi kwenye "wengi". Kiingereza kilibadilika mwishoni mwa 2011. Tarehe 14 Aprili 2012 Papa Benedikto wa 16 aliwaandikia maaskofu wa Ujerumani barua ndefu ya kueleza sababu. Waitalia, katika misale yao mpya ya 2020, waliendelea kusema wote. Wafaransa wana neno lao la umati, ambalo halisemi wote wala halisemi si wote, na kwa maoni yangu hao ndio waliokuwa wajanja kuliko wenzao. Matokeo ni kwamba Jumapili moja, kwa maneno yanayofasiri Kilatini kilekile, damu inamwagika kwa ajili ya wengi London na kwa ajili ya wote Roma.

Waliolalamika walisikia ndani ya "many" mlango unaofungwa: wengi, maana yake si wote, maana yake wapo waliokatwa. Barua ya Arinze haikusema hivyo. Ilikubali kwamba misa zilizosema "wote" zilikuwa halali, na kwamba "wote" ni ufafanuzi sahihi wa imani, ila ikasema ufafanuzi ni kazi ya mafundisho, si ya tafsiri. Swali la mantiki linabaki: je, "si wote" imo ndani ya "wengi", au tunaiweka sisi wenyewe? Kuna kipimo chepesi. Mtu aliyerudi harusini akisema, "Walioalikwa, wengi walikuja, tena wote," hatumwoni amejipinga. Ameongeza tu habari. Akisema, "Wote walikuja, tena si wote," tunamtazama usoni kuona kama yu mzima. Kwa hiyo "si wote" haimo ndani ya neno. Na Warumi sura ya 5 inatoa ushahidi wa wazi zaidi. Paulo anazungumzia kosa la Adamu na tendo la Kristo, na katika aya ya 18 anawataja wote, kisha katika aya ya 19, akiwa bado na habari ileile, anawataja wengi. Ni vigumu kumsoma Paulo hapo akifundisha kwamba kosa la Adamu liliwagusa baadhi ya watoto wake na kuwaruka wengine. Hapo "wengi" ni wale wale wote.

Pingamizi la kwanza ni la watu wenye masikio mazuri, na haliondolewi kwa kipimo cha harusi peke yake. Wanasema: kama mtu alikuwa na neno "wote" mkononi akachagua "wengi", uchaguzi wenyewe ni habari. Ni kweli, na mwanafalsafa Mwingereza Paul Grice aliueleza ukweli huo vizuri katika mihadhara yake ya Harvard mwaka 1967, alipotenganisha yanayosemwa na yanayodokezwa. Mtoto akiulizwa habari ya sinia la maandazi akajibu kwamba amekula mawili, mama anaelewa mawili, si matano. Ikija kugundulika ni matano, mtoto atajitetea kwamba anayekula matano amekula na mawili pia, na kwa mantiki kavu hajasema uongo. Atachapwa kwa kudokeza. Lakini angalia dokezo hilo lilitoka wapi. Lilitoka kwenye swali la mama, ambaye alitaka hesabu kamili na mtoto alijua anaitaka. Pasipo swali la hesabu, dokezo halizaliwi. Na katika maneno ya kikombe hakuna aliyeuliza wangapi. Kinachopambanishwa pale ni mmoja na wengi: anakufa mmoja, wanafaidi wengi. Ndivyo ilivyo katika Warumi pia, mtu mmoja upande huu, umati upande ule. Neno "wengi" linapopangwa kukabili "mmoja" halina habari na waliobaki nje, kama vile anayesema nyuki mmoja aliamsha mzinga hana habari na mizinga ya jirani. Mtaalamu wa Agano Jipya Joachim Jeremias alitetea jambo la karibu na hili kwa njia nyingine, akisema kwamba nyuma ya Kigiriki cha Injili kuna usemi wa Kisemiti ambamo wengi ni jumla isiyohesabika. Anaweza kuwa sahihi, anaweza kuwa amezidisha. Hoja ya mmoja na wengi inasimama hata bila yeye.

Hapa Kiswahili hakitusaidii, na ni haki kusema hivyo. Kigiriki kina neno dogo la kubainisha linaloweza kuwekwa mbele ya wengi na kuwafanya umati unaojulikana. Paulo analitumia katika Warumi 5, Mathayo halitumii kwenye kikombe. Tafsiri ya Kiingereza ya 1611 ilidondosha neno hilo dogo, na ile iliyosahihishwa ya 1881 ikalirudisha. Kilatini hakina la kudondosha. Sisi pia hatuna: "wengi" yetu inabeba maana zote mbili, na wa- iliyo mbele inatuambia ni watu au wanyama, basi. Haituambii wametolewa kwenye chungu gani wala kama chungu kimebaki na kitu. Vivyo hivyo na "few". Kiingereza kinatofautisha kwa herufi moja tu kati ya wachache wa kukatisha tamaa na wachache wa kutia moyo. Sisi tunabadili mpangilio, tukasema "waliokuja ni wachache" tukitikisa kichwa, na "wachache walikuja" tukishukuru, lakini neno ni lilelile na masikio hukosea.

Kama "wengi" ni neno lenye deni, je, "wote" si salama? Ndivyo wanavyodhani waliotaka libaki katika misa. Lakini mwenye nyumba anayesema "wote wameshakula" hawasemei watu wa mtaa mzima, wala jirani hamgombezi kwa uongo. "Wote" nalo lina chungu chake kisichoonekana. Katika sinodi ya Dordrecht, Uholanzi, mwaka 1618 na 1619, Wakalvini walifundisha kwamba kifo cha Kristo chatosha kwa ulimwengu mzima ila kimekusudiwa kuwaokoa kwa hakika wateule. Katika miaka ya 1640 Mwingereza John Owen aliandika kitabu kizima cha kutetea msimamo huo, na alipofika kwenye aya zenye "wote" katika barua ya kwanza kwa Timotheo alijibu kwamba ni watu wa kila aina, wafalme na raia, si kila mtu mmoja mmoja. Wapinzani wake waliona ni hila. Kisarufi si hila. Ni jibu halali kwa swali halali la wote katika akina nani. Kama ni jibu sahihi ni suala jingine, na neno lenyewe haliwezi kuliamua.

Waliolifanyia kazi tatizo hili kwa utaratibu kuliko wote ni wanazuoni wa misingi ya fiqhi katika Uislamu. Imamu Shafii, aliyefariki Misri mwaka 820 na ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, aliweka katika kitabu chake cha Risala mlango juu ya maneno ya jumla. Yapo, anaonyesha, ya jumla yanayokusudiwa kuwa ya jumla, na yapo ya jumla ambayo muradi wake ni mahsusi. Mojawapo ya mifano yake ni aya ya 173 ya Sura Aal Imran, ambamo neno "watu" limekuja mara mbili: wapo walioambiwa na watu kwamba watu wamekusanyika dhidi yao. Neno ni moja, na haiwezekani kila mahali liwe na maana ya wanadamu wote, kwa kuwa anayesema, anayeambiwa na anayeogopwa ni makundi matatu. Shafii haombi msomaji awe na elimu ya siri ili kulijua hilo. Mwarabu yeyote aliyesikia aya hiyo angelifahamu.

Pingamizi la pili linainuka hapo hapo. Ukikubali kwamba kila "wote" lina mpaka uliofichwa, umempa kila mtu panga la kukatia. Asiyependa amri atasema haikukusudiwa kwake, na asiyempenda jirani atasema ahadi haikumhusu. Hatari hiyo ni ya kweli, wala siifichi. Owen angeweza kushtakiwa hivyo, na wengine wabaya kuliko yeye. Lakini jibu lake si kujifanya kwamba mpaka haupo. Wanazuoni walijibu kwa kuweka mzigo wa dalili: neno la jumla hubaki katika ujumla wake mpaka ije dalili ya kulihususisha, na mwenye kudai uhususi ndiye mwenye kuileta. Wakatofautiana hata hapo. Wahanafi waliona neno la jumla ambalo bado halijahususishwa linatoa yakini, na wengi wa wengine wakaona linatoa dhana yenye nguvu, ndiyo maana wakawa wepesi kidogo kukubali dalili ndogo za kulipunguza. Tofauti hiyo ni ya watu waliokubaliana kwamba deni lipo na wanabishana juu ya masharti ya kulilipa. Ni afadhali mno kuliko ubishi wa misa, ambamo kila upande ulisukuma neno moja mbele kana kwamba lingeshuhudia lenyewe.

Na lipo deni jingine ambalo Kiingereza hakilioni kabisa, ila sisi tunalo. Mhubiri wa Kiingereza akisema "all have sinned" hajajitaja wala hajajitoa. Mhubiri wa Kiswahili hana maficho hayo. Akisema "wote wamekosa" amesimama pembeni akiwanyoshea kidole. Akisema "nyote mmekosa" amewageukia. Akisema "sote tumekosa" ameshuka mimbarini. (Siku hizi wapo wengi wanaosema "sisi wote" na hata "wote tumekosa", na walimu wa lugha hukunja uso, lakini hata hao kitenzi huwalazimisha kuchagua kati ya wa- na tu-.) Sarufi yetu haituambii chungu kina watu wangapi, ila inamlazimisha msemaji aseme kama yumo.

Pingamizi la mwisho ni kwamba Mungu hafungwi na viambishi, na kwamba wokovu wa watu hauwezi kuning'inia kwenye umbo la neno. Nakubali kabisa, na ndicho hasa ninachosema. Waliolining'iniza hapo ni wale waliosoma "wengi" wakahesabu waliokatwa, au waliosoma "wote" wakafunga mjadala. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, mtu mmoja anamuuliza Yesu swali la idadi lililo wazi kuliko yote: je, wanaookolewa ni wachache? Hapo hesabu imeombwa kama mama alivyoiomba kwa maandazi, na jibu la ndiyo au la lingetosha. Luka anaandika kwamba aliyeuliza alikuwa mmoja, na kwamba Yesu aliwajibu wao, waliokuwapo. Idadi haitajwi. Kinachokuja kwanza ni kitenzi cha amri cha kuwataka wajitahidi kuingia, na katika Kiswahili kitenzi hicho kinaishia na -ni.